Kisanduku cha hedifoni mezani: kukifunga, kukisikiliza na kutojidanganya

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea. Watafiti huja Tanga na vinasa sauti vyao, wakakaa barazani na wazee wa Pongwe, Muheza na Pangani, kisha huniachia mafaili niyaandike neno kwa neno: Kiswahili, Kibondei, Kidigo, na pale mzee anapovichanganya vyote vitatu ndani ya pumzi moja. Saa sita hadi saba kwa siku hedifoni ziko kichwani. Kwa hiyo mtu akinisifia kisanduku kwamba sauti yake ni tamu au ina joto, mimi nina swali moja: bibi akinong'ona jina la mumewe wa kwanza, nalisikia au silisikii?

Kisanduku ninachokizungumzia kina vitu viwili. Cha kwanza ni DAC, ambayo nyumbani twaiita daki: hugeuza tarakimu za faili kuwa umeme unaopanda na kushuka kama sauti ilivyopanda na kushuka. Cha pili ni ampulifaya, inayoupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Laptopu na simu yako tayari zinavyo vyote viwili, ila vimebanwa humo ndani pamoja na feni, saketi za chaji na Wi-Fi. Kisanduku cha mezani huvitoa nje vikapumua. Hakuna uchawi zaidi ya huo, na muuzaji akikuambia upo, shika pochi yako.

Je, unakihitaji?

Wengi hawakihitaji. Geuza hedifoni zako, au fungua karatasi yake, utafute namba mbili: omu, yaani jinsi hedifoni zinavyouzuia umeme, na desibeli kwa miliwati 1, yaani ukali wa sauti zinayotoa kwa umeme huo mdogo. Zangu ni Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 250, na mtengenezaji ameandika desibeli 96 kwa miliwati 1. Hesabu ni ya darasani: volti mara volti, gawanya kwa omu. Kwa omu 250, nusu volti inatoa miliwati 1, yaani hizo desibeli 96. Volti 1 ni miliwati 4, desibeli 102. Volti 2 ni miliwati 16, desibeli 108. Kila ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 tu, kwa hiyo namba kubwa ya wati kwenye boksi isikutie wazimu.

Desibeli 102 ni kelele ya kumvua mtu hedifoni, na volti 1 si nyingi. Hata kile kiwaya kifupi cha Apple cha kutoka USB-C kwenda jeki ya milimita 3.5, toleo linalouzwa Marekani, hutoa takriban volti 1. Toleo la Ulaya hutoa nusu yake. Mbona basi mimi nilihangaika? Kwa sababu hizo 102 ni za faili lililojaa hadi ukingoni, yaani sauti kubwa kabisa ambayo faili linaweza kubeba. Mtafiti akiweka kinasa juu ya meza na mzee yuko mkekani mita mbili kutoka hapo, maneno hukaa desibeli 40 chini ya ukingo. 102 toa 40, zinabaki 62. Hapo feni ya dari na kunguru wa Makorora wananishinda.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, fungua faili kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, upandishe sauti humo humo. Nusu ya shida yangu ilikwisha siku ile. Iliyobaki ilikuwa uchafu wa laptopu yenyewe: nikisimamisha faili nasikia "sssss", nikisogeza mausi nasikia kama panzi. Hilo Audacity haiwezi kulitibu, kwa kuwa halimo ndani ya faili. Ndipo nikanunua kisanduku, kwa ajili ya kimya zaidi ya nguvu.

Umeme kwanza

Soma adapta kabla ya kuchomeka. Neno kwa neno, kama mkataba wa kiwanja. Angalia inapokea volti ngapi, inatoa volti ngapi, na inatoa DC au AC. Visanduku kama Magni ya Schiit na Atom ya JDS Labs, vyote vya Marekani, hutumia adapta inayotoa AC, wakati adapta ya ruta au ya king'amuzi hutoa DC. Plagi huingia vizuri tu, na kuingia huko ndiko kunakoponza watu.

Mimi niliponzwa na upande wa pili. Shemeji alituletea kisanduku kutoka huko huko ughaibuni, adapta yake imeandikwa 120V. Chaja za laptopu na simu hukubali 100 hadi 240, hivyo nikadhani kila adapta ni hivyo. Ile ilikuwa transfoma ya kawaida, haijui kujirekebisha. Nikaichomeka kwenye 230 yetu. Ikanguruma kama nyuki, ikatoa harufu ya varnishi, ikanyamaza. Kisanduku kilipona, adapta nikaitupa, na shemeji hadi leo hajaambiwa.

Umeme ukikatika, chomoa. Usingoje urudi na mshindo wake hali hedifoni ziko masikioni, ampulifaya nyingi hupiga "pa!" zinapowaka. Zile nzuri zina rilei, swichi ya ndani inayosubiri sekunde chache ndipo inaunganisha, utasikia "tik" ndogo. Hata hivyo jenga mazoea: vaa hedifoni mwishoni, vua kwanza.

Kuunganisha

Waya wa USB uende moja kwa moja kwenye laptopu, usipitie kigawanyio chenye mausi, flashi na feni ya kupoozea. Windows 10 tangu mwaka 2017 hukitambua kisanduku cha USB bila draiva. Mac na Linux vivyo hivyo. Windows 7 huenda ikakudai draiva ya mtengenezaji.

Ukiwa na daki na ampulifaya mbalimbali, waya mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, zinatoka kwenye daki na kuingia kwenye ampulifaya. Daki hutoa takriban volti 2 hapo nyuma. Usichomeke hedifoni kwenye matundu hayo hata kama una kiunganishi kinachotosha.

Ndani ya Windows, chagua kisanduku kuwa njia ya sauti, pandisha sauti ya kompyuta hadi 100, kisha zima mapambo yote ya sauti, yale ya kuongeza besi na kuigiza ukumbi. Sauti utaipunguza kwa nobu ya kisanduku. Kiwango weka biti 24 na 44,100 au 48,000 (ni mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde), kulingana na mafaili yako. CD tangu mwanzo ni 44,100 kwa biti 16, na hiyo inabeba sauti hadi hezi 22,050, juu kuliko sikio la binadamu linavyofika. Kisanduku kinachojisifu kwa 768,000 ni kama daladala ambayo dashibodi yake imeandikwa 180.

Swichi ya geini, ile inayoamua ampulifaya ikuze sauti kiasi gani, anzia chini. Nobu nayo anzia chini kabisa. Hapa nina onyo la Waswahili peke yetu. Miongozo ya Wazungu huelekeza nobu kwa mshale wa saa: iweke "saa 9". Kwao mshale wa saa 9 unatazama kushoto, sauti ndogo. Mtoto wa kaka yangu alisoma hivyo akafanya hesabu ya kwetu: saa tisa alasiri, mshale uko kwenye namba 3, kulia, karibu na mwisho. Aliruka kutoka kwenye kiti. Kwa hiyo nasema kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa ya ukutani: anza kwenye 7, panda taratibu, na ukiwa unafanya kazi kati ya 9 na 1, umefunga vizuri. Ukibaki pale 7 na nusu kwa kuwa ukisogeza kidogo tu inapiga kelele, geini yako ni kubwa mno. Tena nobu nyingi zikiwa chini sana hazilingani kushoto na kulia: sauti ya mzee, ambayo ingetulia katikati ya kichwa, inaegemea sikio moja. Nilidhani ni sikio langu. Nilikwenda hadi hospitali.

Jaribio la kimya

Hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Ngoja baada ya isha, bajaji zimepungua. Zima feni uvumilie jasho. Tengeneza faili la ukimya la dakika mbili kwenye Audacity ulicheze; usisimamishe tu muziki, maana daki nyingine hujifunga zenyewe zisipopata data, ukazisifu bure. Vaa hedifoni, pandisha nobu polepole hadi mwisho. Mkono usitoke kwenye nobu, na mtu asiguse kompyuta.

Ukisikia "sssss" laini nobu ikiwa mwisho kabisa lakini inapotea ukiirudisha pale unapofanyia kazi, hakuna tatizo. Ikibaki pale pale hata nobu ikiwa chini, ampulifaya ina kelele yake yenyewe, au hedifoni zako ni rahisi mno kupazwa kwa geini uliyoweka. Ukisikia vijimlio vya panzi vinavyobadilika unaposogeza mausi, ni uchafu wa kompyuta unaopita kwenye waya wa USB. Hamisha tundu, chomoa chaja ya laptopu, sikiliza tena.

Ukisikia mngurumo mzito, "vuuuu", huo ni umeme wa ukutani, hezi 50 na ndugu yake 100. Huo ulinila wiki tatu.

Nilibadilisha waya. Nilibadilisha meza. Kumbe dalili nilikuwa nayo mkononi siku zote: nikipitisha vidole juu ya bati la laptopu ikiwa kwenye chaji, linatekenya, kama vumbi linalotetemeka. Fundi umeme alipokuja alifungua soketi akacheka. Tundu la tatu lilikuwepo, nyuma yake hamna waya. Nyumba nzima ilijengwa bila ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini; soketi za matundu matatu zimewekwa kwa urembo. Akapigilia fimbo ya shaba nyuma ya jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo humwagika, akavuta waya hadi kwenye soketi. Mtekenyo ukaisha siku hiyo hiyo, na mngurumo ukapungua sana.

Ulipungua tu, haukuisha, kwa sababu laptopu ilikuwa soketi ya chumbani na kisanduku soketi ya sebuleni kupitia ekstensheni. Vyote viwili vina ethi, na waya wa USB unaviunganisha tena: umepata duara, na umeme mdogo unazunguka humo. Dawa ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Jipime mwenyewe: chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mngurumo ukikatika papo hapo, ni duara. Ekstensheni moja isipotosha, na kisanduku chako kina tundu la optiki, tumia waya wa optiki kutoka kwenye kifaa chenye tundu hilo. Unapitisha mwanga, hauwezi kubeba mngurumo.

Usikate pini ya ethi. Najua watu wanavyofanya, na najua kile kitendo cha kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kwa chaja ya simu umezoea. Kwa kifaa chenye bati ambacho waya wake unaishia kichwani kwako, hapana.

Kupima kipi ni bora

Sasa una kisanduku, rafiki ana kingine cha bei mara nne, unataka kujua. Kosa la kwanza ni kuvisikiliza hivi hivi. Kilicho juu kidogo kwa sauti kitashinda, hata kwa desibeli 1 tu, nawe hutasema "kimepaza zaidi", utasema "kimefunguka".

Kwa hiyo sawazisha kwa mita, ile ya fundi redio. Tengeneza toni ya hezi 300 kwenye Audacity. Mita za bei nafuu husoma AC vizuri karibu na hezi 50 hadi 400, ukiipa 10,000 inakudanganya. Tumia kigawanyio cha jeki, upande mmoja hedifoni, upande mwingine plagi uliyoifungua ugusishe ncha za mita. Zungusha nobu hadi visanduku vyote viwili visome sawa: ukipata 0.200 na 0.202 umefika, tofauti hiyo haizidi desibeli 0.1. Ukipata 0.200 na 0.225, hiyo ni desibeli 1 nzima, rudia.

Ukiwa na mita tayari mkononi, pima na kitu kingine: omu za tundu la kutokea. Toni ikicheza bila hedifoni, soma volti. Kisha unganisha rezista ya omu 33, ya kuokotwa kwa fundi yeyote wa Ngamiani, usome tena. Kisanduku changu kilisoma 0.500 kikashuka 0.485. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, toa 1, zidisha kwa 33: omu 1. Laptopu ilishuka hadi 0.380, yaani zaidi ya omu 10. Kanuni ya mafundi ni kwamba tundu lisizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Kwa zangu za 250, omu 10 si kitu. Kwa hedifoni za 32, mwisho ni 4, na laptopu ile inaweza kuzibadilisha besi bila wewe kuomba.

Halafu sikiliza bila kuona. Mtoto wa kaka yangu alitundika kanga kati yangu na meza, akachukua sarafu ya shilingi mia. Ikianguka sura ya Mwalimu Nyerere, kisanduku changu. Wakianguka swala, kile cha kuazima. Sharti: kila mara achomoe na kuchomeka tena, hata kama sarafu imerudia kile kile, la sivyo mlio wa jeki unakupa jibu. Wala asiseme neno. Mtoto ana tabia ya kukohoa akijua nimekosea. Mara 16, naandika jibu langu, yeye anaandika lake, tunalinganisha mwisho. Ukipatia 12 au zaidi, umesikia kitu. Kwa kubahatisha hutokea chini ya mara 4 katika 100.

Kisanduku changu na kile cha bei mara nne: 9 kati ya 16. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hela. Laptopu na kisanduku changu, kwenye mahojiano ya bibi mmoja wa Pangani mwenye sauti ya chini: 16 kati ya 16, kwa sababu ya ule msasasa, ile "sssss" ya laptopu, katikati ya maneno. Laptopu ile ile na kisanduku kile kile, safari hii kwenye taarabu iliyojaa vinanda: 8. Muziki ulifunika kila kitu. Ningekuwa mtu wa muziki tu, hela yangu ingekaa benki.

Kuhusu cha kusikiliza: nazipenda rekodi za zamani za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, kama Mtanga yeyote, na mwimbaji wa taarabu Bi Shakila akianza kuimba mimi huacha kuandika. Ila zimepita kwenye utepe, zina msasasa wao wa kuzaliwa. Huwezi kupimia kimya cha kisanduku kwa hizo. Tumia sauti ya mtu mmoja iliyonaswa karibu, chumba kitulivu, mtu unayemjua. Jinase mwenyewe ukisoma barua. Sikiliza s, sh na ch, sikiliza pumzi kabla ya neno, sikiliza kama mwisho wa neno unakwisha wenyewe au unamezwa.

Alama nyekundu

Shirika la Afya Duniani linatoa kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa 4 tu. Mimi nafikia hizo 40, kwa hiyo nilifanya hesabu. Kwa hedifoni zangu, desibeli 80 ni kama volti 0.08. Mahojiano yote huyasawazisha kwanza yawe na wastani wa desibeli 20 chini ya ukingo, nikatengeneza toni ya kiwango hicho hicho, nikazungusha nobu hadi mita ikasoma 0.08. Hapo nikatia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Nobu haipiti nukta. Nisiposikia neno, narudisha nyuma sekunde tano, nasikiliza tena, na likikataa mara ya tatu naandika "halisikiki" na dakika yake, mtafiti akamuulize mwenyewe.

Jioni: nobu chini, vua hedifoni, zima ampulifaya, ndipo daki. Chomoa ukutani. Chumvi ya bahari hapa kwetu hula jeki hadi zinakuwa kijani, na sauti inaanza kukwaruza upande mmoja. Pamba yenye spiriti ile wanayosafishia mafundi simu, mara moja kwa mwezi, kisanduku kikiwa kimezimwa. Kisha nakifunika kwa kanga ile ile.